Wanyama Wachanga na Uga wa Sumakuumeme: Kutoka Dalili hadi Chanzo

Mtu anayelea wanyama wachanga, awe mfugaji, mtunza maabara au mtotoleshaji wa vifaranga, hufika siku akaona jambo lisilo la kawaida: ndama anaruka nyuma kila akigusa hori la maji, mayai yanafia ndani ya mashine ya kutotolesha, au watoto wa panya hawaongezeki uzito kama inavyotarajiwa. Akiinua macho anaona mnara wa simu, nyaya za msongo mkubwa au transfoma iliyofungwa juzijuzi, na shaka inajijenga yenyewe. Shaka hiyo si upuuzi na mtu hastahili kuchekwa kwa ajili yake, lakini haitoshi kumponya mnyama.

Mwongozo huu unaanzia kwenye dalili, maana ndizo zinazoonekana, kisha unarudi nyuma hadi kwenye chanzo. Baada ya miaka mingi ya kushika mita mazizini na katika vyumba vya wanyama, nimefikia msimamo mmoja: palipo na umeme pana mambo manne yanayotembea pamoja, yaani uga wenyewe (eneo la nguvu ya umeme na sumaku linalozunguka waya au antena), joto, sauti na mkondo unaovuja, na mara nyingi kinachomdhuru mnyama mchanga ni mojawapo ya yale matatu ya mwisho. Anayeushtaki uga pekee huyaacha hayo matatu yakiendelea na kazi yao.

Kabla ya kutaja ugonjwa, taja masafa

Neno "mionzi" hutumiwa kwa kila kitu, na hapo ndipo uchunguzi mwingi unapopotea. Kuna uga wa umeme wa kawaida wa majumbani na kwenye nyaya kuu, ambao hubadilika mara 50 au 60 kwa sekunde kutegemea nchi, na kuna mawimbi ya redio yanayotumiwa na simu na vifaa visivyo na waya, ambayo hubadilika mara mamilioni mia kadhaa hadi mabilioni kwa sekunde. Aina hizi mbili hazifanyi kazi kwa njia moja mwilini.

Uga wa sumaku wa 50 Hz (Hz ni mara kwa sekunde; kHz ni maelfu, MHz mamilioni na GHz mabilioni) huzalisha ndani ya mwili uga mdogo wa umeme, na ukubwa wake hutegemea upana wa mwili. Tuseme uga una mikrotesla 100 (mikrotesla ni kizio cha kupimia uga wa sumaku), kiwango ambacho ni nadra kukikuta bandani. Ndama mwenye nusu kipenyo cha sentimita 30 atapata kama milivolti 5 kwa mita karibu na ngozi yake, ilhali mtoto wa panya mwenye nusu kipenyo cha sentimita 1 atapata takriban milivolti 0.16 kwa mita. Kwa hiyo katika masafa ya chini udogo wa mwili ni kinga. Katika mawimbi ya redio mambo hugeuka, kwa kuwa mwili hunyonya nguvu nyingi zaidi pale urefu wake unapokaribia sehemu nne za kumi za urefu wa wimbi. Kiumbe chenye urefu wa sentimita 5 hukutana na hali hiyo karibu na 2.4 GHz, na mtu mzima hukutana nayo katika masafa ya chini zaidi, chini kidogo ya 100 MHz. Ndiyo maana si sahihi kuchukua kipimo cha binadamu na kukihamishia kwa mnyama mchanga bila kufanya hesabu.

Kwa 50 Hz tumia mita iliyotengenezwa kwa masafa hayo, na ikiwa inapima upande mmoja tu, igeuze pande tatu na uandike thamani zote. Programu ya dira kwenye simu haifai, kwa sababu inachosoma hasa ni uga wa dunia usiobadilika, ambao ni kati ya mikrotesla 25 na 65 na umekuwapo tangu viumbe vianze kuwapo. Pima mahali mnyama analala, kwa kimo chake, na si mlangoni penye nafasi ya kusimama. Rudia jioni, wakati matumizi ya umeme yameongezeka.

Ili ujue unachokisoma, kumbuka kwamba waya mmoja unaobeba ampea 10 huzalisha mikrotesla 10 kwa umbali wa sentimita 20. Lakini waya unaopeleka na unaorudisha mkondo vikilazwa pamoja, uga wa mmoja hufutwa karibu wote na wa mwenzake. Kwa sababu hiyo, ukikuta mikrotesla kadhaa kwenye banda lisilo na mashine yoyote, usikimbilie kuutazama mnara. Yaelekea mkondo unarudi kwa njia isiyo yake, pengine kupitia bomba la maji au vyuma vya banda, na hilo linatupeleka moja kwa moja kwenye dalili ya kwanza.

Mnyama mchanga anakataa maji, anaruka au anakunywa kwa kulamba

Hii ndiyo dalili ninayoiona mara nyingi kuliko zote, na ndiyo inayotibika haraka. Ndama, nguruwe wachanga au wana-kondoo wanalikaribia hori, wananyoosha shingo, wanagusa kidogo kisha wanajitoa. Wengine hulamba maji kwa ncha ya ulimi badala ya kuzamisha mdomo. Uzito unasimama, kinyesi kinakauka, na mwenye mifugo anaanza kufikiria ugonjwa wa tumbo.

Chanzo cha kuchunguzwa kwanza ni volteji inayovuja kati ya chuma cha hori na sakafu. Mnyama anapogusa chuma kwa mdomo uliolowa huku miguu yake ikiwa kwenye saruji yenye unyevu, mwili wake unakuwa njia ya mkondo. Ng'ombe huhesabiwa kuwa na ukinzani wa karibu omu 500 tu kutoka mdomoni hadi kwatoni, kiasi ambacho ni kidogo sana kikilinganishwa na mtu aliyevaa buti za mpira. Hii ndiyo sababu mwenye banda hushika hori lilelile asihisi kitu, akaapa kwamba halina umeme. Ng'ombe huanza kuonyesha mabadiliko ya tabia wanapopitiwa na miliampea 3 au 4. Jimbo la Wisconsin nchini Marekani, lenye ng'ombe wengi wa maziwa, limeweka miliampea 2 kuwa kiwango cha kuanzia kuchukua hatua, na kwa ukinzani wa omu 500 hiyo ni volti 1 tu.

Upimaji wake una siri moja. Multimita za kisasa zina ukinzani mkubwa mno, hivyo zinaweza kuonyesha volti kadhaa ambazo hazina nguvu nyuma yake. Unganisha kizuizi (rezista) cha omu 500 sambamba na mita, weka ncha moja kwenye hori na nyingine kwenye bamba la chuma lililokandamizwa juu ya sakafu iliyolowa, pale pale kwato zinapokanyaga. Volteji ya uongo itaporomoka hadi karibu na sifuri, na ya kweli itabaki. Ukikuta makumi ya volti, kata umeme wote na umwite fundi, kwa sababu hapo hata maisha ya mtu yamo hatarini.

Nakumbuka banda moja lenye ndama wa wiki moja. Ndoo ya plastiki waliinywa mpaka tone la mwisho, lakini hori la chuma lililofungwa kwenye uzio hawakulitaka, na mwenye banda alikuwa ameshapanga kuwahamisha wote kwa sababu ya mnara ulioonekana juu ya kilima. Nilichutama kando ya hori. Pampu ya maji ikiwa imezimwa, mita ilisoma volti 0.1, ilipowashwa, ikapanda hadi 1.6 na kubaki hapo. Hiyo ni zaidi kidogo ya miliampea 3. Tulifuata waya wa athi wa pampu kwa mkono hadi kwenye kibanio chake ardhini, na nilipokigusa kikamomonyoka, kimebaki unga wa kijani. Fundi alifunga kibanio kipya na kuviunganisha vyuma vyote vya banda pamoja. Mita ilishuka chini ya volti 0.1 saa ileile. Ndama hawakurudi horini siku ile, kwa kuwa walikuwa wamejifunza kuogopa, na ilichukua siku tatu kabla wa kwanza hajazamisha mdomo wote.

Siku hizo tatu zina maana kwa mchunguzi. Usipime mafanikio ya ukarabati kwa tabia ya mnyama ya saa ileile. Pima kwa mita, kisha umpe mnyama muda wa kusahau. Kagua pia mashine ya uzio wa umeme. Fito zake za ardhini zisikae karibu na fito za ardhini za banda, la sivyo kila pigo la uzio litasikika horini, na utaona mnyama anashtuka kwa mdundo wa karibu sekunde moja moja.

Mayai hayatotolewi, au vifaranga vinatoka na kasoro

Suala la viinitete vya kuku lina historia ndefu, na wengi wamesoma nusu yake tu. Mwaka 1982 watafiti wa Hispania walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba uga dhaifu sana wa sumaku ulivuruga ukuaji wa viinitete vya kuku. Ili kumaliza ubishi, maabara sita zilipewa vifaa vya namna moja na utaratibu mmoja: mayai yakae saa 48 za mwanzo katika uga wa sumaku wa mapigo 100 kwa sekunde wenye kilele cha mikrotesla 1. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Maabara tano kati ya sita ziliona kasoro nyingi zaidi kwenye mayai yaliyowekwa ugani, lakini ni mbili tu ambako tofauti ilikuwa ya kuaminika kitakwimu. Yote yakijumlishwa, viinitete vyenye kasoro vilikuwa karibu asilimia 25 upande wa uga na karibu asilimia 19 upande usio na uga, na tofauti kati ya maabara na maabara yenyewe ilikuwa kubwa.

Naomba msomaji aiangalie vizuri ile 19. Hivyo ni viinitete ambavyo havikuguswa na uga wowote wa majaribio, lakini karibu kimoja katika kila vitano kilikuwa na kasoro katika siku hizo mbili za mwanzo. Mtotoleshaji asiyejua kiwango chake cha kawaida cha kasoro hawezi kusema kimeongezeka. Jambo la kwanza la kufanya, basi, ni kufungua daftari la miezi iliyopita.

Jambo la pili ni joto, nalo linahitaji uvumilivu. Mashine yenye feni inapaswa kukaa karibu na nyuzi 37.5 za Selsiasi. Ikizidi nyuzi 1 kwa muda mrefu katika siku za mwanzo, unaweza kuona vifaranga vyenye ubongo uliobaki nje ya fuvu au jicho lililokosekana; ikizidi siku za mwisho, vifaranga hutoka mapema wakiwa wadogo, na kitovu kisichofunga. Joto likiwa chini, hutoka wamechelewa, wazito na wasio na nguvu ya kusimama. Zote hizi ni kasoro ambazo mtu aliyekwisha kuushuku mnara ataziona kama ushahidi.

Hapa kuna njia moja ambayo uga huweza kuliua yai bila kuligusa. Kihisi cha joto cha mashine ya bei ndogo huunganishwa kwa waya mrefu usiokingwa, na waya huo hunasa mawimbi kama antena. Simu ya mkononi ikiwekwa juu ya mashine, au redio ya upepo ikitumiwa kando yake, kipimo kinaweza kuyumba na kikadanganya kidhibiti, kikawasha hita pasipo sababu. Weka kipimajoto cha kioo katikati ya mayai na ulinganishe usomaji wake na wa skrini wakati simu inaita ikiwa umbali wa sentimita 10, kisha ikiwa mita 2. Zikitofautiana, tatizo ni uga kweli, lakini tiba yake ni kuisogeza simu na kuufupisha au kuukinga ule waya.

Baada ya joto tazama umbo la kasoro, kwa kuwa lina lugha yake. Vidole vilivyojikunja kwa ndani na manyoya yaliyojisokota huashiria upungufu wa vitamini B2 kwa kuku wazazi. Mdomo uliopinda kama wa kasuku pamoja na miguu mifupi huashiria upungufu wa manganizi. Kifaranga aliyekufa akiwa na kichwa upande mwembamba wa yai, huenda yai lake lilipangwa kichwachini. Hakuna hata moja kati ya hizi inayotokana na mnara.

Ikiwa mashine yenyewe ina injini ya kugeuza mayai au hita ya koili iliyo sentimita chache kutoka kwenye trei, pima pembe zote za trei. Mayai ya pembe moja yakifa kuliko mengine, hamisha trei kwa zamu kila siku. Utakuwa umesawazisha joto, mtikisiko na uga kwa pamoja, na huo ni ulinzi mzuri hata kabla hujajua ni kipi kati ya vitatu kilichokuwa na hatia.

Mama anazaa watoto wenye ulemavu

Kwa mamalia, yaani wanyama wanaonyonyesha watoto wao, sehemu hii ni fupi. Shirika la Afya Duniani lilipopitia tafiti za uga wa masafa ya chini mwaka 2007, halikukuta ulemavu wa wazi wa nje, wa viungo vya ndani au wa mifupa kwa wanyama hao, hata katika uga wa sumaku wa militesla 20, yaani mikrotesla 20,000. Baadhi ya tafiti ziliona ongezeko la tofauti ndogo ndogo za mifupa. Chini ya nyaya za msongo mkubwa kwa kawaida hukuti zaidi ya makumi machache ya mikrotesla. Kwa hiyo ndama au mwana-kondoo akizaliwa na viungo vilivyokakamaa au mgongo uliopinda, damu yake na ya mama yake zipelekwe maabara kwanza. Virusi vya Schmallenberg, vilivyotambuliwa Ujerumani mwaka 2011, hufanya hivyo hasa, na vipo virusi vingine vya jamii hiyo pamoja na mimea yenye sumu inayoliwa katika siku fulani za mimba.

Watoto ni wadogo na hawakui

Hapa mawimbi ya redio yanastahili kusikilizwa kwa makini. Katika utafiti mkubwa wa Mpango wa Taifa wa Toksikolojia wa Marekani, uliokamilishwa mwaka 2018, panya waliwekwa kwenye mawimbi ya simu ya 900 MHz tangu wakiwa tumboni, kwa jumla ya saa 9 kila siku. Watoto waliozaliwa walikuwa na uzito mdogo kuliko wenzao, hasa katika viwango vya juu, na mama zao pia. Baadaye walikua wakafikia ukubwa wa kawaida. Kiwango cha juu kilikuwa wati 6 kwa kila kilo ya mwili mzima, ambacho ni mara 75 ya wati 0.08 zinazoruhusiwa kwa umma na Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi Isiyoayonisha. Utafiti huohuo uliripoti pia uvimbe wa saratani kwenye mioyo ya panya dume, jambo linalojadiliwa mpaka leo, lakini hilo ni swali tofauti na la ukuaji wa mtoto.

Tafsiri iliyo karibu zaidi ni joto. Wati 4 kwa kilo huweza kupandisha joto la ndani la mwili kwa karibu nyuzi 1, na ndicho kiwango ambacho mipaka ya usalama imejengwa juu yake. Mama mjamzito anayepashwa joto hula kidogo, na mtoto wa panya asiye na manyoya, ambaye kwa wiki mbili za mwanzo hawezi kudhibiti joto lake mwenyewe, hana pa kukimbilia.

Sasa linganisha na kifaa cha intaneti kilichotundikwa chumbani. Kikitoa wati 0.1 pande zote, kwa umbali wa mita 1 kinaleta wati 0.008 kwa kila mita ya mraba, ambayo ni chini ya sehemu moja ya elfu ya kikomo cha umma cha wati 10. Hata kikiwekwa sentimita 20 kutoka kwenye kizimba, bado ni sehemu moja ya hamsini. Mipaka hiyo iliwekwa kwa ajili ya binadamu, nami nimeshasema kwamba mwili mdogo hunyonya kwa namna yake, kwa hiyo sioni ubaya wa kukisogeza kifaa mita 2 zaidi. Lakini ukikisogeza na watoto wakabaki wadogo, usirudie kukisogeza tena.

Badala yake weka mkono wako kwenye matandiko. Mara nyingi nimekuta kizimba kimewekwa juu ya chaja, kibadilisha umeme au mashine yenye feni, sakafu yake ikiwa ya moto upande mmoja. Nimekuta pia taa ya joto iliyoning'inizwa chini mno, wanyama wote wamebanana ukutani wakihema. Vifaranga wa siku za kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35, wakiwa na nafasi ya kuikimbia taa wanapotaka. Usambaaji wao sakafuni utakueleza mengi: wakirundikana chini ya taa wana baridi, na wakiukumbatia ukuta wanaungua.

Hesabu pia idadi ya watoto kwa kila mama. Mama mwenye watoto 14 atakuwa na watoto wadogo kuliko mwenye 7, na hilo halihitaji antena.

Macho ya ndama yana ukungu

Mwaka 2009 yalichapishwa nchini Uswisi matokeo ya uchunguzi wa ndama 253, na karibu asilimia 32 kati yao walikuwa na kiwango fulani cha mtoto wa jicho katikati ya lenzi, ingawa kwa walio wengi kilikuwa kidogo, na kwa asilimia 3.6 tu kikawa kikali. Watafiti walitafuta uhusiano na minara ya simu iliyokuwa karibu na mama zao wakati wa mimba. Uhusiano kama huo ni mwanzo wa swali, kwani anayekaa karibu na mnara hukaa pia karibu na mambo mengine mengi.

Kinachojulikana kwa uhakika ni kwamba mawimbi ya 2.45 GHz yaliyoelekezwa kwenye jicho la sungura huliharibu pale lenzi inapopashwa hadi zaidi ya nyuzi 41, kwa nguvu inayozidi wati 100 kwa kilo mahali hapo. Lenzi haina mishipa ya damu ya kuipoza. Mnara ulio mbali haufikii kabisa nguvu hizo. Kwa upande mwingine, virusi vya BVD (ugonjwa wa kuhara wa ng'ombe) vikimwambukiza mama katikati ya mimba huweza kumpa ndama mtoto wa jicho pamoja na ubongo-nyuma uliodumaa, kiasi kwamba ndama anayumba akisimama. Ukiona macho yenye ukungu na miguu inayoyumba kwa ndama mmoja, kipimo cha BVD ndicho cha kuagiza siku hiyohiyo.

Mama hatulii, anahamisha watoto au anawala

Zima kila kifaa kimoja kimoja na uangalie. Panya husikia sauti hadi karibu 80 kHz, ilhali sikio la binadamu huishia 20 kHz, na watoto wa panya humwita mama yao kwa sauti ya karibu 40 kHz. Vibadilisha umeme, skrini na taa nyingi hupiga mluzi katika eneo hilohilo. Sisi tunaona chumba kimya. Mama anasikia kelele inayofunika kilio cha wanawe. Kifaa cha kusikilizia popo, ambacho hushusha sauti hizo hadi tuzisikie, kitakuonyesha mwenye hatia kwa dakika chache. Tazama pia chombo cha maji chenye ncha ya chuma: kizimba kikiwa ndani ya uga mkubwa wa umeme, mnyama hupigwa cheche ndogo mdomoni kila akinywa, na kuunganisha chuma chote ardhini huiondoa.

Ndege wachanga wanapoteza mwelekeo

Hapa uga wenyewe umeshikwa ukiwa na hatia. Watafiti wa Oldenburg nchini Ujerumani walionyesha mwaka 2014 kwamba kelele za sumakuumeme za mjini, kati ya 50 kHz na 5 MHz, ziliwazuia ndege wahamao aina ya robini kutumia dira yao ya sumaku, na kwamba walipowekewa kinga ya metali iliyounganishwa ardhini uwezo huo ulirudi. Nguvu zilizohusika zilikuwa ndogo mno kuweza kupasha joto chochote. Anayelea ndege wahamao ili awaachie porini afunike banda lao kwa wavu wa alumini uliounganishwa ardhini, na aondoe karibu yao vifaa vya umeme vyenye kelele, ambavyo huharibu masafa hayo kuliko simu.

Yote yamekaguliwa na dalili ingali ipo

Baki na jaribio la kubadilishana mahali. Gawa mama katika makundi mawili kwa bahati nasibu, moja likae mahali panaposhukiwa na jingine mbali, chakula, mwanga na joto vikiwa sawa. Mtu atakayepima uzito na kukagua watoto asijue nani alitoka wapi, kwa sababu jicho linalotarajia kasoro huiona. Hesabu kwa mama, si kwa mtoto: mama 8 wenye watoto 10 kila mmoja ni vipimo 8, si 80, kwa kuwa ndugu wa tumbo moja hufanana hata wangelelewa wapi. Kwa mzao unaofuata, badilisha makundi.

Dalili ikimfuata mama, iwe mahali popote alipo, tafuta maambukizi au urithi. Ikibaki mahali, kaa na mahali hapo: rudia joto, rudia mita yenye kizuizi cha omu 500, rudia kusikiliza. Katika maabara unaweza kwenda mbali zaidi kwa kufunga koili yenye nyaya mbili zinazobeba mkondo pande zinazopingana, ili kundi lisilo na uga lipate joto na mngurumo uleule wa koili bila uga wake. Ikiwa tofauti bado ipo baada ya hapo, ndipo usogeze wanyama kutoka mita 1 hadi mita 3 kutoka kwenye kebo au antena, umbali unaopunguza uga karibu mara tisa kwa kebo yenye nyaya pacha na kwa nguvu ya mawimbi ya antena, na uandike usomaji wa kabla na wa baada kwenye ukurasa uleule wenye uzito wa watoto.